Damu Inapopita Njia ya Nyongo

Mgonjwa anatapika damu. Anafikishwa hospitali usiku, anatundikiwa dripu, na kunapokucha anapelekwa chumba cha endoskopi. Kamera inashuka kooni, inapita umio, inazunguka tumbo lote. Hakuna kidonda, hakuna mshipa uliopasuka, hakuna uvimbe. Damu ipo, imetapakaa, lakini haijulikani ilikotoka. Mara nyingi jibu huwa ni kidonda kidogo kilichojificha. Mara chache sana jibu liko mahali ambapo wengi hatupafikirii tunaposikia habari za kutapika damu: kwenye mfuko wa nyongo uliovimba.

Nataka kuieleza hali hii taratibu, kwa sababu ni adimu kiasi kwamba daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nayo, na bado ikitambuliwa mapema hutibika. Wanaopotea hupotea katika yale masaa, au siku, ambazo damu inavuja huku kila mtu akitazama kwingine.

Aliyewahi kuchuna mbuzi anaujua mfuko wa nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikana na ini, ambacho mchinjaji hukibandua kwa uangalifu maana kikipasuka nyama inakuwa chungu. Wa binadamu uko hapohapo, chini ya ini upande wa kulia, una urefu wa sentimita 7 hadi 10 na hubeba mililita 30 hadi 50 hivi. Nyongo hutengenezwa na ini. Mfuko huitunza na kuikoleza. Ukila chakula chenye mafuta, mfuko unajikamua, nyongo inatelemka kwenye kijirija chake chembamba, inaingia mrija mkuu, kisha inamwagikia duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mdogo, kupitia kitundu kilichopewa jina la Mjerumani Abraham Vater. Kitundu hicho tutakirudia, kwa sababu ndicho mlango ambao damu hutokea.

Mfuko huu hulishwa na ateri moja nyembamba, ambayo kwa watu wengi huchipuka kutoka ateri ya kulia ya ini. Madaktari wa upasuaji huitafuta ndani ya pembetatu iliyopewa jina la Mfaransa Calot, aliyeieleza mwaka 1891. Kati ya ateri hiyo na mirija ya nyongo kuna nafasi ndogo mno. Damu na nyongo, ambazo hazikuumbwa zikutane, zinakaa ukuta kwa ukuta.

Kuvimba kwa mfuko, ambako madaktari hukuita kolesistaitisi, kwa wagonjwa wengi huanza na jiwe. Jiwe linakwama shingoni mwa mfuko, nyongo haitoki, mfuko unajaa na kukaza kama ngozi ya ngoma. Mkazo huo unabana mishipa midogo ya ukutani, sehemu za ukuta zinakosa damu na kuanza kufa, na bakteria wa utumboni wanapata makao. Mgonjwa anapata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, pengine yanayochoma hadi mgongoni au begani, pamoja na homa na kichefuchefu. Daktari akimbonyeza hapo na kumwambia avute pumzi, pumzi inakatika katikati kwa maumivu.

Huku kwetu kuna kundi linalostahili kutajwa peke yake: wenye seli mundu. Chembe zao nyekundu za damu huvunjika upesi, na rangi inayobaki hujikusanya kuwa mawe meusi ya nyongo, wakati mwingine tangu utotoni. Wakilalamika tumbo, wanaowazunguka hudhani ni yale maumivu ya siku zote ya siko seli, wanapewa dawa ya maumivu na kuambiwa wapumzike. Mfuko wa nyongo unasahaulika.

Kutoka kuvimba hadi kuvuja damu kuna njia mbili, na tofauti yake ina uzito mkubwa wakati wa tiba.

Njia ya kwanza ni ya kuchubuka. Utando wa ndani wa mfuko unakufa na kumeguka, vimishipa vidogo vinabaki wazi, damu inachuruzika ndani ya mfuko. Hakuna mshipa mmoja ambao mtu anaweza kuunyooshea kidole. Hali hii huwapata hasa watu ambao damu yao haigandi vizuri: wanaotumia warfarini, heparini au dawa mpya za jamii ya rivaroxabani; wanaotumia aspirini na klopidogreli kwa pamoja; wenye figo zilizoshindwa kazi, ambao chembe sahani zao, zile zinazoanzisha kuganda kwa damu, zimelemazwa na sumu zinazobaki mwilini; na wenye ini lililosinyaa, ambalo limepunguza kutengeneza protini za kugandisha damu.

Njia ya pili ni ya ateri yenyewe. Uvimbe ulio kando yake unaila kutoka nje kuelekea ndani mpaka tundu linatoboka. Damu inatoka, lakini inazuiwa na tishu zilizovimba na damu iliyoganda kuizunguka, kisha inajichimbia kifuko. Hiyo inaitwa anurizimu bandia. Anurizimu halisi ni ukuta wa ateri uliotanuka; hii ni bandia kwa sababu kifuko hicho hakina zile tabaka tatu za ukuta wa ateri halisi. Fikiria bomba la maji lililotoboka chini ya ardhi, ambalo kwa muda linazuiwa na udongo uliolishindilia. Udogo wa kifuko hicho usimpe mtu moyo, maana hata vile vidogo hupasuka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi jambo hili halitokei kila siku, wakati mawe ya nyongo ni ugonjwa wa kawaida. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ateri iliyo katikati ya uvimbe mkali kwa kawaida huganda na kuziba mapema, kabla haijapasuka. Uvimbe uleule unaoihatarisha ndio unaoifunga. Kwa wachache, kufungwa huko hakutokei, au hakutokei kwa wakati.

Sasa damu imeshatoka. Inakwenda wapi? Kwangu mimi hili ndilo swali linalofungua fumbo lote, kwa sababu njia inayofuatwa na damu ndiyo inayoamua mgonjwa atalalamika nini.

Inaweza kubaki ndani ya mfuko. Mabonge yanaujaza, mfuko unatanuka, maumivu yanazidi, na wingi wa damu unashuka pasipo tone lolote kuonekana nje. Inaweza kupasua ukuta wa mfuko na kumwagikia tumboni. Hapo tumbo linakuwa gumu, jasho la baridi linamtoka, shinikizo la damu linaporomoka, na muda uliobaki ni mfupi. Au inaweza kufuata njia ya nyongo yenyewe, kijirija, mrija mkuu, kitundu cha Vater, hadi utumboni. Hali hii ya tatu inaitwa hemobilia, na ndiyo inayowapoteza watu maboya, kwa kuwa mgonjwa anatapika damu au anapata choo cheusi cha kunata kama lami, dalili zilezile za vidonda vya tumbo.

Hemobilia haikugunduliwa jana. Mwingereza Francis Glisson aliieleza mwaka 1654. Mwaka 1871 Heinrich Quincke, daktari wa Kijerumani, alieleza mgonjwa mwenye anurizimu ya ateri ya ini, na kutokana na maelezo yake tukapata dalili tatu zinazobeba jina lake mpaka leo: maumivu ya juu kulia mwa tumbo, macho kuwa ya manjano, na damu kutoka kupitia njia ya chakula. Jina hemobilia lenyewe lilikuja baadaye, kwa kalamu ya mpasuaji wa Sweden, Philip Sandblom, mwaka 1948.

Dalili hizo tatu ni nzuri kuzijua, lakini zina mtego wake. Wanaozionyesha zote kwa pamoja ni wachache. Ripoti nyingi huwaweka kati ya mgonjwa mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu. Anayesubiri zote zitimie ndipo aufikirie mfuko wa nyongo, wengi watampita. Mimi naona iko alama nyingine yenye thamani zaidi, na haihitaji mashine: mpangilio wa maumivu. Damu ikivuja polepole huganda kabla ya kuchanganyika na nyongo, bonge likaziba mrija mkuu. Mgonjwa anaumwa vibaya, macho yanaanza kuwa ya manjano. Kisha bonge linasukumwa na kutoka. Maumivu yanatulia ghafla, na saa chache baadaye anatapika damu au anapata choo cheusi. Siku mbili mbele, yote yanajirudia. Mgonjwa aliyesikilizwa vizuri atalisema hilo mwenyewe: "Nikishatapika ile damu, napata nafuu." Mwenye kidonda cha tumbo kwa kawaida hasimulii hivyo.

Ugumu wa kulitambua tatizo hili Afrika Mashariki unaongezwa na wingi wa sababu nyingine za kutapika damu. Kandokando ya Ziwa Victoria, kwa mfano, kichocho cha utumbo huharibu mishipa ndani ya ini, shinikizo linapanda nyuma yake, na mishipa ya umio inavimba na kupasuka. Daktari wa Mwanza anayepokea mtu aliyetapika damu ana haki kabisa ya kuanza na kichocho, kisha vidonda vya tumbo. Hakuna anayemtaka aanze na mfuko wa nyongo. Kinachotakiwa ni kwamba mambo ya kawaida yakishakataliwa na kipimo, asirudi kuyazunguka yaleyale.

Vipimo vya damu vinasaidia, ila vinahitaji kusomwa kwa akili. Hemoglobini ya kwanza inaweza kuwa ya kawaida kabisa kwa mtu aliyepoteza damu nyingi saa moja iliyopita, kwa sababu amepoteza maji na chembe kwa uwiano uleule. Namba hushuka baadaye, maji ya mwili na ya dripu yanapoingia kujaza nafasi. Kwa hiyo hupimwa tena na tena. Bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, na vimeng'enya vya ini vikipanda huku hemoglobini ikishuka, hiyo ni picha ya kumfanya mtu asimame na kufikiri. Kipimo cha kuganda kwa damu, utendaji wa figo, na kundi la damu kwa ajili ya kuongezewa havisubiri kesho.

Kisha picha. Altrasaundi ndiyo ya kwanza, inapatikana hata hospitali nyingi za wilaya na si ghali. Ndani ya mfuko uliovimba, damu iliyoganda huonekana kama kitu cheupecheupe kisicho na kivuli nyuma yake, na mara nyingi hakisogei mgonjwa anapogeuzwa ubavu. Jiwe hutupa kivuli. Tatizo ni tope la nyongo, na pia saratani ya mfuko. Vyote vinaweza kufanana na bonge la damu. Lakini mashine nyingi za altrasaundi zina kitufe cha Dopla ya rangi, kinachoonyesha damu inayotembea, na hapo ningependa kuweka mkazo wangu wote. Kibonyezwe. Anurizimu bandia ikiwapo, mahali palipoonekana kama kifuko cheusi cha maji patajaa rangi, nusu nyekundu nusu bluu, damu ikizunguka kama maji kwenye mkondo wa kisimani. Kitufe hicho hakiongezi gharama wala mionzi, na kimeokoa watu.

Kipimo kinachofuata ni CT, yaani eksirei inayopiga mwili vipandevipande, na hapa namna ya kupiga ni muhimu kuliko mashine yenyewe. Kinachohitajika ni awamu tatu. Kwanza picha bila dawa ya kung'arisha: nyongo ya kawaida husoma kati ya 0 na 20 kwenye vizio vya Hounsfield, vipimo vya CT vya jinsi kitu kinavyozuia eksirei, wakati damu huanzia 30 na kupanda, hivyo mfuko uliojaa damu huonekana mweupe kuliko inavyopaswa. Kisha, dawa ikishachomwa, picha ya sekunde 30 hivi wakati ateri zimejaa. Hapo kifuko cha anurizimu hung'aa kama ateri iliyo jirani, au dawa inaonekana ikichuruzika ndani ya mfuko. Mwisho picha ya sekunde 70 hivi, kuona kama doa lile limetanuka. Picha ya mwisho pekee, ambayo ndiyo hupigwa zaidi kwa maumivu ya tumbo, inaweza kulikosa tatizo lote. Kwa hiyo daktari anayejaza fomu ya kuomba kipimo asiandike "maumivu ya tumbo" akaishia hapo. Aandike kwamba anashuku damu kwenye njia ya nyongo. Mstari huo mmoja hubadilisha namna mtaalamu atakavyopiga.

Kuna mtego mwingine mdogo. Mtu aliyechomwa dawa ya kung'arisha jana, hasa mwenye figo dhaifu, anaweza kuitoa kupitia nyongo, na leo mfuko wake ukaonekana mweupe pasipo damu yoyote.

Na ile kamera iliyorudi bila jibu? Endoskopi ya kawaida hutazama mbele, ilhali kitundu cha Vater kiko ubavuni mwa ukuta wa duodeni. Kamera inaweza kupita karibu yake isikione. Kipo kifaa chenye jicho la pembeni kwa kazi hiyo. Hata hivyo hemobilia hutoka kwa vipindi, kwa hiyo kitundu kisafi leo hakiondoi shaka ya damu ya jana.

Tiba huanza kabla jibu halijapatikana: mishipa miwili mikubwa ya dripu, oksijeni ikihitajika, damu ya kuongeza. Kwa wagonjwa wengi wenye hali tulivu, hemoglobini ya chini ya gramu 7 kwa desilita ndiyo kizingiti cha kuongezewa, na kwa wenye moyo mgonjwa hupandishwa kidogo. Anayevuja mbele ya macho hasubirishwi kwa ajili ya namba. Antibayotiki zinaanza, maana chanzo ni mfuko ulioambukizwa. Dawa ya kuyeyusha damu inasimamishwa na, inapobidi, nguvu yake inaondolewa: vitamini K kwa warfarini, ambayo huchukua masaa kufanya kazi, pamoja na protini za kugandisha zilizokolezwa au, zisipopatikana, plazima; na protamini kwa heparini.

Neno kuhusu tranekzamiki, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, ambayo mikono hukimbilia kila damu inapoonekana. Utafiti wa HALT-IT uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 wa kutoka damu kwenye njia ya chakula, haukuona ikipunguza vifo, na uliona damu kuganda kwenye vena ikiongezeka. Si dawa ya kuegemea hapa.

Anurizimu bandia ikithibitika na mgonjwa akiweza kusafirishwa hadi chumba cha angiografia, ambako mishipa ya damu hupigwa picha kutoka ndani, njia inayopendelewa ni kuiziba kutoka ndani. Mtaalamu wa tiba radiolojia anatoboa ateri ya kinenani au ya kifundo cha mkono kwa ganzi tu, anapitisha waya na katheta, yaani mrija mwembamba, kwa mbinu aliyoieleza Msweden Seldinger mwaka 1953, anaongoza hadi ateri ya ini na kuingia ile ya mfuko. Kisha anaweka vikoili vidogo vya metali, au gundi, au vipande vya jelatini. Inapowezekana huziba pande zote mbili za tundu, kabla yake na baada yake, kwa sababu damu inaweza kurudi kinyume kupitia mishipa ya jirani. Ini kwa kawaida huvumilia kuzibiwa ateri, kwani robo tatu hivi ya damu yake huletwa na vena kubwa kutoka utumboni. Kama vena hiyo imeziba, au ini limesinyaa, hesabu inabadilika.

Mfuko wa nyongo wenyewe hauna akiba hiyo. Ukizibiwa ateri yake pekee unaweza kuoza. Kwa hiyo kuziba hakumalizi ugonjwa. Kunanunua muda ili mfuko utolewe kwa upasuaji, mgonjwa akiwa ametulia. Kwa damu ya njia ya kwanza, ile ya kuchubuka, mara nyingi hakuna cha kuziba, na tiba ni kurekebisha kuganda kwa damu kisha kuutoa mfuko. Mgonjwa anayeporomoka kwa damu iliyomwagikia tumboni huenda moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Upasuaji huo si ule mwepesi wa matundu ambao mtu hurudi nyumbani kesho yake. Pembetatu ya Calot imevimba na kushikamana, kila kitu kinatoa damu, na mara nyingi mpasuaji hulazimika kufungua tumbo. Damu ikimzidi, hubana kwa muda kifungu chenye mishipa inayoingia ini, hila aliyoieleza mpasuaji Pringle mwaka 1908 na ambayo bado inaokoa maisha. Akiona kulifikia shina la mfuko ni hatari, hukata sehemu kubwa ya mfuko na kuacha kipande, na huo ni uamuzi wa busara. Mgonjwa dhaifu mno huweza kuwekewa mrija wa kutoa nyongo kupitia ngozi, lakini kwa anayevuja damu mrija huo huzibwa na mabonge, na sindano yenyewe yaweza kuongeza jeraha. Bonge lililoziba mrija mkuu hutolewa kwa endoskopi kupitia kitundu cha Vater.

Vyumba vya angiografia bado ni vichache kwetu, vimejikusanya miji mikubwa. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikifundisha wataalamu wa tiba radiolojia tangu 2018. Kwa hospitali ya mkoa, maana yake ni simu kupigwa mapema, mgonjwa angali na shinikizo la kumwezesha kusafiri, na chupa za damu ziwe ndani ya gari.

Upande wa mgonjwa, ningependa nizungumze na wale waliowekewa valvu za chuma moyoni, wengi wao vijana walioharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Warfarini ni uhai wao, hawapaswi kuiacha kwa hofu ya makala kama hii. Lakini wakipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, wasiishie duka la dawa kwa sindano ya diklofenaki, ambayo huzidi kudhoofisha kuganda kwa damu. Waende hospitali, na sentensi ya kwanza wanayomwambia daktari iwe jina la dawa wanayotumia. Baada ya tiba, siku ya kuirudisha warfarini huamuliwa na mpasuaji na daktari wa moyo kwa pamoja, kwa kupima hatari ya valvu kuganda na hatari ya jeraha kuvuja tena.

Mfuko uliotolewa haupaswi kutupwa. Unawekwa kwenye formalini na kupelekwa maabara ya patholojia, kwani mara chache kinachovuja damu huwa ni saratani iliyojificha ndani ya uvimbe. Majibu yanaweza kuchelewa, mgonjwa akawa ameshashonolewa nyuzi na kurudi kazini. Ayafuate.